Mti wa Mghange Hujengwa kwa Hewa

Wengi hudhani mti hula udongo. Udongo huupa maji na madini kidogo tu. Sehemu kubwa ya mbao hutokana na hewa. Mchana, jani huvuta hewa ya kaboni kupitia vitundu vidogo na, kwa nguvu za jua, huiunganisha na maji kutoka mizizini kupata sukari. Hiyo ndiyo hugeuka shina na matawi. Karibu nusu ya uzito wa gogo lililokauka ni kaboni. Likichomwa, kaboni hurudi hewani. Ndiyo sababu Kasigau, ambako hati za kaboni zilianza kutolewa mwaka 2011, malipo hutegemea msitu kubaki umesimama. Mkazi wa Mghange anayekata mti mkubwa na kupanda mche mmoja hajasawazisha hesabu: mche huo utahitaji miaka mingi kukusanya kaboni ile ile.