Safari Rally na Imani ya Wakenya kwa Chapa za Magari

Imani ya Wakenya kwa chapa fulani za magari haikutokana na matangazo ya biashara pekee. Kuanzia mwaka 1953, mashindano ya Safari Rally yaliyapima magari mbele ya wananchi, katika barabara za matope, vumbi na mawe walizozitumia wenyewe. Miaka hiyo ya mwanzo, magari yaliyoshindana yalikaribiana sana na yale yaliyouzwa madukani.

Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Joginder Singh aliipatia Mitsubishi Lancer ushindi mwaka 1974 na 1976, naye Shekhar Mehta akashinda mara tano kwa magari ya Datsun. Watazamaji walijionea lililofika na lililokwama.

Sifa hiyo iliwavutia wanunuzi. Wingi wa magari ukaleta mafundi na vipuri, na upatikanaji wa vipuri ukawa sababu nyingine ya kununua chapa ileile. Hivyo ndivyo imani ilivyorithiwa kutoka kwa wazazi hadi kwa watoto.

Hata hivyo, hali imebadilika. Tangu Safari Rally iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, magari ya daraja la juu huundwa mahususi kwa mbio na kuhudumiwa na mafundi wa timu. Ushindi wake hauthibitishi uimara wa gari lililotumika linalouzwa leo. Mnunuzi hana budi kulikagua gari lenyewe, kumbukumbu za matengenezo yake na bei ya vipuri kabla ya kulipa.