Bomba likifika kijijini, mbona watoto bado wanaharisha?

Mradi wa maji ukizinduliwa kijijini, shangwe huwa kubwa. Koki inafunguliwa, ndoo zinajaa, picha zinapigwa. Lakini miezi michache baadaye unaweza kukuta zahanati bado inapokea watoto wanaoharisha. Kwa nini?

Jibu fupi: maji yanaweza kutoka safi bombani na kufika machafu kwenye kikombe.

Chukua mfano wa Rubwera, makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, wilaya iliyozaliwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Huku ni vilima. Nyumba nyingi ziko juu, katikati ya migomba na mibuni, na chemchemi ziko chini bondeni. Anayeteremka na dumu kisha kulipandisha kichwani mara nyingi ni mama au mtoto. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20, na hapo kuna mlima.

Bomba linasaidia nini hasa?

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kituo kimoja cha maji kihudumie watu 250, tena ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Tangu mwaka 2019 kazi hiyo vijijini iko chini ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini.

Kwa nini umbali ni suala la afya? Kwa sababu maji yakiwa mbali, familia inabana matumizi. Ya kupikia hayakosi. Yanayokatwa kwanza ni ya kunawa mikono, kuosha watoto uso na kufua. Hapo ndipo minyoo, upele na trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kuleta upofu, vinapopata nafasi.

Kwa hiyo bomba la karibu ni hatua kubwa. Ila haitoshi.

Somo kutoka Busia

Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Busia nchini Kenya, vijiji vingi vilitegemea chemchemi kama ilivyo Kagera. Kundi la wachumi akiwemo Michael Kremer, aliyeshinda Tuzo ya Nobel mwaka 2019, lilifuatilia karibu chemchemi 200. Baadhi zilijengewa saruji ili maji yatoke kwenye bomba bila kukanyagwa wala kuchafuliwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Uchafu wa kinyesi kwenye chemchemi zilizojengewa ulipungua kwa asilimia 66. Lakini walipopima maji yaliyohifadhiwa nyumbani, uchafu ulikuwa umepungua kwa asilimia 24 tu. Kuhara kwa watoto wadogo kulipungua kwa takribani robo.

Robo si haba, hao ni watoto wengi. Lakini angalia pengo kati ya 66 na 24. Faida nyingi ilipotea njiani na ndani ya nyumba.

Uchafu unaingilia wapi?

Kwenye dumu lenye utando wa kijani ndani. Kwenye ndoo isiyo na mfuniko. Kwenye kikombe kinachochovywa na kila mtu, na vidole vikagusa maji. Na kwenye mikono iliyotoka chooni bila kunawa.

Choo nacho kina sehemu yake. Kama tundu halina mfuniko, inzi wanatoka hapo na kutua kwenye chakula. Kama shimo liko karibu na chemchemi, uchafu unaweza kupenya ardhini. Ushauri wa kawaida ni kuacha angalau mita 30, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko.

Jambo moja husahaulika: kinyesi cha mtoto mchanga. Wengi hukiona hakina madhara, kinatupwa kwenye migomba. Kumbe kina vijidudu kama cha mtu mzima. Kitupwe chooni.

Ufanye nini nyumbani?

- Tenga chombo cha maji ya kunywa. Kiwe na mfuniko, na ikiwezekana koki, ili mtu asichovye mkono.
- Osha dumu kwa sabuni kabla ya kuchota.
- Chemsha maji mpaka yatokote kwa dakika 1, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa.
- Kuni ni tatizo? Tumia dawa ya maji kwa kufuata maelekezo. Au jaza maji yasiyo na tope kwenye chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga, uiweke juani saa 6. Kukiwa na mawingu, iache siku 2.
- Weka kibuyu chirizi na sabuni karibu na choo. Gharama yake ni dumu dogo, kamba na vijiti.
- Mtoto akiharisha, mpe ORS na zinki. Akishindwa kunywa, macho yakizama au kinyesi kikiwa na damu, mkimbize kituo cha afya.

Mradi nao unahitaji kutunzwa

Pampu ikiharibika na hakuna hela ya spea, kijiji kinarudi bondeni. Ndiyo maana kuna vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, maarufu CBWSO, vinavyokusanya malipo na kufanya matengenezo. Ukilipa hela ya ndoo, una haki ya kuuliza mkutanoni imetumikaje.

Kagera imepitia Marburg mara mbili, Machi 2023 Bukoba Vijijini na Januari 2025 Biharamulo, na nchi nzima ilisikia. Kuhara kwa mtoto mmoja nyumbani hakutangazwi na waziri. Lakini duniani, kwa mujibu wa WHO, kuhara kunakotokana na maji na mazingira yasiyo salama kuliua zaidi ya watu milioni 1 mwaka 2019.

Basi leo, kabla ya kuulizia bomba litafika lini, fungua dumu lako uchungulie ndani.