Je, Wajua? Kulizunguka Ziwa Mara Tatu

Bima ya wazee ya Marekani, Medicare, humlipia mgonjwa wa moyo kwa kawaida hadi vipindi 36 vya utengamao. Sasa mchukue mkazi wa Rumonge, Burundi, aliyepangiwa vipindi hivyo vyote Bujumbura. Ni kilomita zipatazo 75 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Jumla inafika 5,400, na ufuko wote wa Ziwa Tanganyika, katika nchi zake nne, ni kama 1,800. Angelizunguka ziwa mara tatu! Hapo hatujagusa nauli.

Utengamao wa moyo ni mazoezi ya kupimwa, pamoja na ushauri wa chakula na dawa, kwa mtu aliyepata mshtuko wa moyo au aliyepasuliwa moyo. Hupunguza vifo vya ugonjwa wa moyo na kurudi wodini. Lakini hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 iliukuta katika nchi 111 tu kati ya 203.

Je, wajua kwamba daktari Mwingereza William Heberden, katika kitabu kilichotoka 1802, alimtaja mgonjwa wa maumivu ya kifua yanayotokana na moyo aliyepasua mbao kwa msumeno nusu saa kila siku akakaribia kupona? Hata hivyo, katikati ya karne ya 20 wagonjwa wa moyo walikuwa bado wanalazwa chali kwa majuma. Familia nyingi zimebaki huko: mzee wetu ana ugonjwa wa moyo, asiguse hata ndoo.

Burundi daktari husomea kwa Kifaransa, nyumbani huzungumzwa Kirundi, na Rumonge sokoni ni Kiswahili. Muuguzi akiuliza, "Mama, umeelewa?" atajibiwa ndiyo, kwa heshima tu. Afadhali aulize: "Mama, ukifika nyumbani utamwelezaje baba namna ya kumeza hivi vidonge?" Jibu litaonyesha kilichoingia na kilichopotea njiani. Na akizungumzia chakula, aanze na mawese, maana ndiyo yaliyo sufuriani. Karibu nusu ya mafuta hayo ni yale mazito yanayopandisha lehemu. Kuyapiga marufuku Rumonge ni kupoteza muda. Kupunguza kijiko kunawezekana.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. Tembea kwa mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba: hicho ni kipimo kinachokubalika kitaalamu. Eldoret, Kenya, watafiti wamejaribu utengamao wa hospitalini na ule wa nyumbani kwa wagonjwa ambao moyo umechoka kusukuma damu. Kwa mtu wa ufukweni, huo wa nyumbani ndio wenye maana.

Na wavuvi wa ndagala, yaani dagaa? Hao hufanya kazi usiku kwa taa, kwa hiyo kliniki ya asubuhi huwakuta wamelala. Ila mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti samaki, na mitumbwi mingi hupumzika. Kliniki hiyo ikipangwa siku hizo, itawapata wakiwa macho, na kubadilisha kalenda hakuhitaji mfadhili.