Bunduki na maradhi ya akili: hatari yenyewe iko wapi?

Hivi majuzi mama mmoja aliingia katika kliniki yangu, akaketi, na nilipomwuliza anaumwa wapi akanijibu kwamba haumwi popote. Kilichomleta ni habari za kijana wake anayesoma Marekani katika jimbo la Texas. Kijana huyo alikuwa halali usiku, chakula hakimpiti, simu haipokei ila kwa kubembelezwa, na masomo aliyokuwa akiyapenda yamemchosha. Daktari wa chuo alikwisha kumwambia kuwa ana ugonjwa wa kushuka moyo na kumwanzishia dawa. Tena mwenzake wanayeishi naye nyumba moja ana bastola kabatini.

"Daktari," mama akaniuliza kwa sauti ya chini, "hawa wanaowapiga watoto risasi mashuleni huko, si tunaambiwa ni wagonjwa wa akili? Mwanangu asije akawa mmoja wao!"

Msomaji, swali hilo Wamarekani wenyewe wamekuwa wakibishana juu yake kwa miaka mingi. Nimeona heri nilijibu hapa kwa kirefu, kwa kuwa wengi wetu tuna watoto, ndugu na marafiki huko, na hofu ya mama huyu ni hofu ya wengi.

Pande mbili za mabishano

Desemba 2012, watoto 20 na watu wazima sita waliuawa kwa risasi katika shule ya msingi ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut. Mei 2022, wanafunzi 19 na walimu wawili waliuawa katika shule moja mjini Uvalde, Texas. Kila msiba kama huo unapotokea, Wamarekani hugawanyika. Upande mmoja husema kwamba bunduki haiui mtu, anayeua ni aliyeishika, kwa hivyo watibiwe wenye wazimu. Upande wa pili husema kuwa wagonjwa wa akili wako kila nchi, lakini bunduki nyingi hivyo ziko Marekani tu.

Wale wa kwanza wasipuuzwe, maana wana hoja. Mwaka wa 1955, hospitali za akili za majimbo ya Marekani zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000. Leo vitanda vyake havifiki 40,000. Wagonjwa waliambiwa wangetibiwa karibu na kwao, lakini vituo vingi vilivyoahidiwa havikujengwa, na wengi wakaishia barabarani au gerezani.

Aidha, kuna kisa cha chuo kikuu cha Virginia Tech ambako watu 32 waliuawa mwaka wa 2007. Muuaji alikuwa ameamriwa na mahakama mwaka wa 2005 apate matibabu ya akili. Hata hivyo alinunua bastola mbili bila kuzuiwa, kwa sababu jina lake halikuwa limefikishwa katika orodha ambayo wauza silaha huiangalia.

Takwimu zasemaje?

Hata hivyo, ukiuliza ni kiasi gani cha ukatili wote nchini humo kinatokana na maradhi makali ya akili, jibu litakushangaza. Profesa Jeffrey Swanson wa Chuo Kikuu cha Duke, ambaye amelichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka 30, anakadiria kuwa ni kama asilimia nne tu. Maana yake ni kwamba hata kama wagonjwa wote wa aina hiyo wangepona kesho asubuhi, asilimia 96 ya ukatili ingebaki palepale. Huo mwingine unatokana na mambo tunayoyajua hata sisi: ulevi, dawa za kulevya, ugomvi wa nyumbani, visasi, na vijana waliolelewa katikati ya vipigo.

Ni kweli kwamba mtu mwenye skizofrenia, yaani yule anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anaweza kuwa na hatari zaidi kidogo ya kumdhuru mtu, hasa akiwa hatibiwi na huku anatumia pombe au dawa za kulevya. Lakini wengi wao hawamgusi mtu yeyote. Aghalabu wao ndio wanaopigwa, kuibiwa na kudhulumiwa.

Isitoshe, Uingereza, Kanada na Australia nazo zina watu wenye maradhi haya haya, na bado mauaji ya bunduki huko ni machache mno yakilinganishwa na ya Marekani. Tofauti ni kwamba Marekani ilikadiriwa mwaka wa 2017 kuwa na bunduki milioni 393 mikononi mwa raia. Hizo ni nyingi kuliko watu wenyewe.

Vifo visivyoonyeshwa kwenye televisheni

Sasa, msomaji, tufikie jambo ambalo mabishano hayo hulificha. Mwaka wa 2023, watu 46,728 walikufa kwa risasi nchini Marekani. Kati yao, waliouawa na wengine walikuwa 17,927, lakini waliojiua wenyewe walikuwa 27,300. Yaani katika kila vifo kumi vya risasi, karibu sita ni vya mtu aliyejielekezea bunduki mwenyewe. Vifo hivyo hutokea chumbani au ndani ya gari, mmoja mmoja, na wapigapicha hawaendi.

Hapa ndipo maradhi ya akili na bunduki hukutana kweli. Mwenye kushuka moyo si hatari kwa jirani. Ni hatari kwa nafsi yake.

Huenda ukasema kwamba aliyeamua kufa atakufa tu, akikosa bunduki atatafuta kingine. Wengi hudhani hivyo, lakini sivyo. Hamu ya kujiua huja kama wimbi. Hupanda, ikafika kilele, kisha ikashuka, pengine kwa saa au dakika chache. Wengi wa wanaomeza dawa nyingi huokolewa wakifikishwa hospitali, na baadhi hujuta wakiwa bado njiani. Lakini kati ya wanaojipiga risasi, karibu tisa katika kila kumi hufa. Risasi haimpi mtu nafasi ya kujuta. Na katika wale wanaookoka baada ya kujaribu kujiua, karibu tisa katika kila kumi hawafi kwa kujiua baadaye.

Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka wa 2020 uliwafuatilia watu wazima milioni 26 wa jimbo la California. Wanaume wenye bastola walikuwa na uwezekano wa kujiua kwa risasi karibu mara nane ya wasio nazo, na wanawake mara 35. Lakini kujiua kwa njia nyingine hakukuwa kwingi zaidi miongoni mwao. Kwa hivyo haielekei kuwa wenye bastola ndio wenye huzuni kuliko wengine.

Uingereza iliwahi kupata somo kama hilo. Kabla ya miaka ya 1960, gesi ya kupikia majumbani ilikuwa na sumu, na watu wengi waliitumia kujiua. Ilipobadilishwa na kuwekwa isiyo na sumu hiyo, idadi ya waliojiua ilishuka, na wengi hawakutafuta njia nyingine. Watu hawakuwa wameponywa huzuni. Kilichotoweka ni kile kifo cha karibu.

Daktari aulize au anyamaze?

Kwa sababu hiyo madaktari wa Marekani walianza kuwauliza wagonjwa kama wana bunduki nyumbani, jinsi mimi ninavyokuuliza kama unavuta sigara. Jimbo la Florida liliweka sheria mwaka wa 2011 ya kuwazuia wasiulize, na ilibidi mahakama iibatilishe mwaka wa 2017. Mwaka uliofuata, chama cha wenye bunduki, NRA, kiliwaambia madaktari washike kazi yao. Wengi wakajibu kwamba wanaowatoa watu risasi mwilini ni wao, basi kazi hiyo ni yao.

Majimbo zaidi ya 20 sasa yana sheria inayomruhusu hakimu kuagiza bunduki ichukuliwe kwa muda kwa mtu anayeonekana yu karibu kujidhuru au kudhuru wengine. Connecticut ilianza mwaka wa 1999, na wachunguzi walikadiria kuwa kwa kila watu 10 hadi 20 walioondolewa bunduki, maisha ya mtu mmoja yaliokolewa. Texas haimo katika majimbo hayo.

Nilivyomwambia mama

Kwanza, mwanao si muuaji, na asikusikie ukimdhania hivyo. Mgonjwa akijua anaogopwa huficha ugonjwa. Sisi nasi huku tuna kosa hilo, maana mtu akibadilika kidogo tu tunacheka na kusema apelekwe Mathari, kisha tunashangaa kwa nini haji kutibiwa.

Pili, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Usiogope, kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpunguzia mzigo.

Tatu, bastola hiyo itoke nyumbani hadi apone. Ikishindikana, ifungiwe ndani ya sanduku la chuma, risasi ziwekwe mbali nayo, na ufunguo akae nao mwenyewe mahali ambapo kijana hapajui.

Nne, dawa za ugonjwa huu huchukua majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi. Asiziache ghafla. Na kwa kuwa hajafika miaka 25, awe karibu na watu katika majuma ya kwanza, na daktari wake aarifiwe akizidiwa.

Tano, tangu Julai 2022 mtu yeyote aliye Marekani anaweza kupiga simu au kutuma ujumbe kwa nambari 988, mchana au usiku, akazungumza na mtu aliyefunzwa kusaidia. Aiandike mahali anapoiona.

Mama aliyaandika yote nyuma ya bahasha. Juma lililofuata alinipigia simu. Mwenye bastola hakukasirika hata kidogo, alisema hakujua kwamba mwenzake anaumwa hivyo, na ameipeleka kwa nduguye. Kijana bado anaumwa, lakini sasa anapokea simu.

Nawe msomaji, ikiwa una mtu wako huko ambaye siku hizi amenyamaza mno, usingoje apige yeye. Mpigie leo. Mwulize analalaje, mwulize anafikiria nini, na umwulize pia kama mna bunduki katika nyumba anayoishi.