Maktaba Isimkunjie Uso Mtafuta Elimu

Siku moja mjini Makka, Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikuraishi, akitaraji kwamba wakisilimu wao, watu wengi watawafuata. Katikati ya mazungumzo hayo akaja Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), mtu asiyeona, akiomba afundishwe katika yale ambayo Mwenyezi Mungu alimfundisha Mtume wake. Mtume (S.A.W.) akaona uzito kukatizwa, akaendelea kuwaelekea wale wakubwa. Hapo zikateremka aya za mwanzo za Sura Abasa, zikimzindua kwamba yule aliyekuja kwa hima akitafuta mwongozo ndiye aliyestahiki kusikilizwa. Tangu siku hiyo Abdullah alikuwa na heshima ya pekee mbele ya Mtume. Akawa miongoni mwa waadhini wake, na zipo safari ambazo Mtume aliondoka Madina akamwachia yeye kukaimu nafasi yake.

Sura hiyo watoto wetu huihifadhi mapema, kwa kuwa imo katika Juzuu Amma. Lakini ni mara ngapi sisi wazazi tumetafakari kilichomleta mtu yule? Hakuja kuomba chakula wala nguo. Alikuja kuomba elimu. Leo hii, mwenye haja kama yake tungemwelekeza shule, madrasa na maktaba. Makala haya yanahusu hilo la tatu: je, maktaba zetu za umma zinampokea vipi mwenye ulemavu anayebisha hodi?

Tumfikirie binti wa kidato cha tatu asiyeona. Nyumbani, kila baada ya Isha, kaka yake humsomea madaftari mpaka usingizi umshinde. Karibu na mitihani, kaka naye ana mitihani yake. Basi mama anamshika binti mkono, wanakwenda maktaba. Ngazi za mlangoni hazina pa kujishikia. Mlinzi anauliza, kwa nia njema kabisa, amekuja kusoma nini naye haoni. Ndani rafu zimejaa vitabu, lakini hakuna hata kimoja cha nukta nundu. Kompyuta zipo, ila hazina programu ya kuzisomea maandishi kwa sauti. Wanarudi nyumbani kama walivyokuja. Hakuna mtu aliyemkunjia uso binti yule, lakini jengo lote limemkunjia.

Ndugu msomaji, kumfungulia binti huyu mlango si sadaka, ni haki yake. Ilani ya UNESCO kuhusu maktaba za umma inasema huduma hizo ni za watu wote kwa usawa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara yake ya 30, unazitaja maktaba waziwazi miongoni mwa mahali ambapo watu hao wana haki ya kufika na kuhudumiwa. Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Mwaka uliofuata Tanzania ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo, anayedai huduma hii anadai kilicho chake.

Kazi yenyewe ina hatua tatu. Hatua ya kwanza ni kuingia. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji njia ya mteremko isiyo kali. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo ipate sentimita 12 za urefu, na mteremko ulio mkali zaidi humwelemea anayejisukuma mwenyewe. Anahitaji mlango mpana, choo anachoweza kugeukia ndani, meza ambayo magoti yake yatapita chini yake, na vitabu vilivyo mahali mkono wake unapofika. Jengo kongwe haliwezi kubadilishwa lote kwa siku moja. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, kwa mfano, ilifunguliwa mwaka 1967, zama ambazo mambo haya hayakuzingatiwa sana katika ujenzi. Hata hivyo, kuhamishia chumba cha kusomea ghorofa ya chini, au kumwagiza mhudumu ashushe vitabu, hakuhitaji kuvunja ukuta.

Hatua ya pili ni kusoma. Hapa watu hudhani kwamba asiyeona anahitaji kitu kimoja tu, yaani nukta nundu, maandishi aliyoyabuni Mfaransa Louis Braille mwaka 1824 akiwa kijana wa miaka 15. Ni kweli maandishi hayo hayana mbadala kwa anayetaka kujua tahajia, hesabu na uandishi. Lakini vitabu vyake ni vinene na vya gharama, na wapo waliopoteza uoni ukubwani ambao hawakujifunza kuvisoma. Hao watafaidika na vitabu vya sauti. Wapo pia wenye uoni hafifu, wakiwemo ndugu zetu wengi wenye ualbino, ambao wanaweza kusoma wakipata herufi kubwa, lenzi ya kukuzia, na kiti mahali penye mwanga usiowachoma macho. Kwa upande wa kompyuta, ipo programu iitwayo NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona. Husoma kwa sauti kilichomo kwenye skrini, na hutolewa bure. Mkutubi akumbuke jambo moja tu: kitabu kilichopigwa picha kurasa zake, programu hiyo huiona picha wala haioni maneno. Ni lazima kwanza picha igeuzwe kuwa maandishi.

Hatua ya tatu ni kuzungumza. Kiziwi anaingia bila taabu na macho yake yanaona vitabu, hivyo hudhaniwa kwamba hana shida. Lakini kwa wengi waliozaliwa hawasikii, lugha ya kwanza ni lugha ya alama, na Kiswahili cha vitabuni ni lugha ya pili wanayojifunza kwa jitihada. Mkutubi mmoja anayejua alama za kawaida, tena mwenye subira ya kuandikiana kwenye karatasi, humfaa zaidi kiziwi kuliko mabango mengi ukutani. Na siku ya watoto kusomewa hadithi, akiwepo mkalimani, watoto viziwi watacheka pamoja na wenzao.

Kikwazo kimoja kikubwa kilikuwa cha kisheria. Kugeuza kitabu kuwa cha nukta nundu au cha sauti ni kukinakili, na kunakili huhitaji ruhusa ya mwenye hakimiliki. Umoja wa Wasioona Duniani umekadiria kwamba vitabu vilivyo katika miundo inayowafaa wasioona havifiki hata asilimia 10 ya vinavyochapishwa. Ndipo mwaka 2013, katika mji wa Marrakesh nchini Morocco, mataifa yakaafikiana juu ya mkataba unaoziruhusu taasisi kama maktaba kutengeneza nakala hizo na kuzipeleka nchi nyingine zilizojiunga, bila kungoja ruhusa ya kitabu kimoja kimoja. Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2020. Mlango huo umeshafunguliwa, na linalobaki ni maktaba na wasomaji kuutumia.

Wala jambo hili si geni katika umma wetu. Mwanahistoria as-Safadi, aliyefariki mwaka 1363, aliandika kitabu kizima cha wasifu wa watu wasioona waliotajika. Mmoja wao ni Zaynuddin al-Amidi wa Baghdad, mwanachuoni aliyefanya pia biashara ya vitabu. Inasimuliwa kwamba kila aliponunua kitabu, alisokota kipande cha karatasi nyembamba kwa umbo la herufi za kuhesabia bei yake, akakibandika ndani ya jalada. Akiisahau bei, alipapasa akaijua. Hayo yalikuwa karne tano kabla ya Louis Braille.

Sasa sisi tufanye nini? Kwanza, tusiwafiche watoto wetu. Mzazi ampeleke mwanawe maktaba hata kama anajua hapana kitabu chake, na aulize kwa adabu kitapatikana lini. Huduma isiyoulizwa na mtu haitengewi fedha. Pili, vijana wenye sauti nzuri na matamshi safi wajitolee kusoma na kurekodi vitabu vya masomo, kwa makubaliano na maktaba au shule ya karibu. Tatu, tuanze na misikiti na madrasa zetu, kwa kuwa nazo zina rafu za vitabu. Misahafu ya nukta nundu ipo, na ajabu yake ni kwamba Kiarabu cha nukta nundu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kama nukta nundu za lugha nyingine. Kwa hiyo mwalimu wa madrasa naye atahitaji kujifunza kabla ya kumfundisha mtoto.

Wahenga wetu waliweka vitabu wakfu, na thawabu zikawafuata baada ya kufa kwao. Nani atakayeweka wakfu Msahafu wa nukta nundu, lenzi ya kukuzia, au kompyuta moja yenye sauti katika maktaba ya wilaya yake?

Binti yetu wa kidato cha tatu bado ana mtihani. Usiku huu, baada ya Isha, kaka yake atamsomea tena, na atasinzia tena kabla sura haijaisha. InshaAllah ifike siku atakapomwambia kaka yake alale, kwa kuwa sura iliyobaki ataisoma mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.