Utangulizi: Zebaki, Ubongo na Tabia ya Mtu

Kwenye mialo ya wachimbaji wadogo mkoani Geita, mchenjuaji humimina zebaki ndani ya karai lenye mchanga wa dhahabu, akavuruga kwa mkono mtupu. Zebaki hushikana na dhahabu, zikawa donge. Donge hukamuliwa kwenye kitambaa, kisha huchomwa juu ya makaa. Dhahabu hubaki, zebaki hupaa. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, na takriban asilimia 80 ya ule unaovutwa hubaki mwilini. Kutoka mapafuni huchukuliwa na damu hadi ubongoni. Somo letu linaanzia hapo.

Anayevuta mvuke huo kwa miaka mingi huanza kutetemeka vidole. Lakini pengine watu wa nyumbani kwake wameshaona jambo jingine: aliyekuwa mcheshi sasa anawakimbia wageni, hasira zi karibu, usingizi haupati, na akitumwa dukani anasahau alichotumwa. Zamani waganga wa Ulaya waliyaona hayo kwa mafundi wa kofia, waliotumia zebaki kutayarisha manyoya. Hali hiyo ikaitwa erethizimu. Kwetu ni rahisi mtu wa namna hiyo kuambiwa amerogwa, au pombe imemshinda.

Zebaki ina njia nyingine pia ya kuingia mwilini. Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa ajabu ulitangazwa rasmi mwaka 1956. Kiwanda cha Chisso kilikuwa kikimwaga baharini maji yenye methilimekyuri, aina mojawapo ya zebaki, ikaingia kwenye samaki, na kutoka kwa samaki ikawaingia walaji. Midomo na vidole vilikufa ganzi, miguu ikayumba, macho yakabaki kuona mbele tu kana kwamba mtu anachungulia kwenye bomba. Akina mama walioonekana wazima walijifungua watoto wenye ubongo ulioharibika, kwa kuwa sumu hiyo huvuka kondo la nyuma. Umwagaji ulikoma mwaka 1968, lakini watoto wale wamezeeka na ulemavu wao. Zipo dawa za kupunguza zebaki mwilini. Seli ya ubongo iliyokwisha kufa hairudishwi na dawa yoyote.

Ndiyo maana taaluma hii ya madhara ya zebaki kwenye ubongo inawahitaji wengi: mkemia, daktari wa mishipa ya fahamu, daktari wa afya ya akili, hata mhudumu wa zahanati. Nyenzo zake za kwanza ni nyepesi. Mpe mgonjwa kalamu, mwambie achore mduara unaojizungusha kama konokono, utazame mstari unavyotikisika. Kisha muulize: umefanya kazi gani maishani, unakula samaki wa wapi, nyumbani mnachomea nini jikoni? Asiyeulizwa hayo anaweza kutibiwa huzuni miaka kumi huku akirudi kila asubuhi kwenye mvuke uleule.

Karibu, msomaji. Ukimaliza kitabu hiki, natumaini hutamhukumu tena mtu aliyebadilika tabia kabla hujamuuliza alichokuwa akikivuta.