Miguu Kufa Ganzi: Huenda Uti wa Mgongo Umebanwa

Mtu akianza kuburuta miguu, nyumbani huambiwa ni baridi, uzee au amerogwa. Mjamzito huambiwa ni uzito wa mimba. Leo tuangalie sababu moja isiyofahamika sana, ambayo hutibika ikiwahiwa.

Ndani ya uti wa mgongo hupita ugwe, yaani fungu la mishipa ya fahamu linalopeleka amri za ubongo miguuni. Wakati mwingine, ndani ya pingili moja hujikusanya mishipa ya damu isiyo ya kawaida. Madaktari huiita hemanjioma, nayo si saratani. Takriban mtu 1 kati ya 10 anayo, na wengi huishi nayo bila kujua. Kwa wachache hukua, ikatoka nje ya pingili na kubana ugwe. Mimba, hasa miezi mitatu ya mwisho, huweza kuichochea.

Dalili zake
Maumivu ya mgongo yasiyoisha hata usiku, ganzi kuanzia kifuani au kiunoni kushuka chini, miguu kukaza au kulegea, mkojo au haja kubwa kutoka bila kujizuia, au mkojo kukataa kutoka. Ukiona haya, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kipimo chake ni MRI. Hakitumii mionzi kama eksirei, hivyo hata mjamzito hupimwa.

Matibabu
Kwa kuwa uvimbe huu hutoa damu nyingi, mara nyingi mishipa yake huzibwa kwanza kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa damu wa kinena. Kisha daktari hukata mfupa wa nyuma ya pingili ili ugwe upate nafasi, na ikibidi huimarisha mgongo kwa vyuma. Hapa Tanzania, upasuaji wa mgongo hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Ndugu wajitokeze kuchangia damu. Aliyewahi ana matumaini makubwa ya kutembea tena. Aliyechelewa huenda miguu isirudi.

Ibada na usafi
Mgonjwa asomewe ruqya, lakini isimcheleweshe hospitali, kwani Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa aswali kwa ubavu. Asiyezuia mkojo ajisafishe, abadili kitambaa na atawadhe kila wakati wa swala unapoingia. Aliyelala kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, asipate vidonda.

Allah awape shifa wagonjwa wetu. Amin.